Kurasa za Hesabu za Hatua kwa Hatua: Shajara ya Mradi, Ilemela, Mwanza

Januari. Umbo la ukurasa

Mradi huu unaandaa kurasa za hisabati ambazo mwanafunzi wa darasa la sita, darasa la saba au kidato cha kwanza anaweza kuzisoma nyumbani bila mwalimu wa kumsimamia, akaelewa jinsi kila swali lilivyofika kwenye jibu lake. Kundi litakalozitumia hukutana Jumamosi katika ukumbi wa kuazima hapa Ilemela. Wanafunzi wengi wanatoka Kirumba, Kitangiri na Nyamanoro, na karibu wote wana kitabu cha kiada, kiwe chao wenyewe au cha kuchangia. Wanachokosa ni maelezo ya kinachotokea kati ya mstari mmoja na mwingine wa mfano, kwa kuwa vitabu, kwa kubana nafasi, huruka pale ambapo mwandishi anaona mambo yako wazi.

Kabla ya kuandika chochote, mimi na mwalimu mwenzangu tulikusanya madaftari ya zamani ya kundi, tukayapitia tukitafuta mahali hasa mwanafunzi alipopotea. Makosa ya kuzidisha na kugawanya yalikuwepo, lakini hayakuwa mengi. Mwanafunzi anayezidisha 36 kwa 25 bila kutetereka ndiye huyo huyo anayeandika kwamba gari limekwenda kwa mwendokasi wa kilomita 0.75 kwa saa, akapiga mstari chini ya jibu na kuendelea na swali linalofuata. Wengi walipotea mahali pawili: pale kipimo kilipobadilika kimyakimya, na pale ambapo haikusemwa asilimia, sehemu au uwiano fulani ni wa kitu gani kizima.

Kwa hiyo kila ukurasa utabeba swali moja tu. Juu kuna mstari usemao kinachotafutwa ni nini na kitaandikwa kwa kipimo gani. Chini yake kuna safu mbili, kushoto hatua na kulia sababu ya hatua hiyo kwa sentensi kamili. Mwisho kuna uhakiki, ambao hauruhusiwi kurudia hesabu ile ile kwa njia ile ile. Mwenzangu alitaka hatua ziwe chache kwa sababu katika mtihani muda ni mfupi, nami nilitaka ziwe nyingi. Tulikubaliana kwamba hatua itaandikwa kila mara kipimo au kitu kizima kinapobadilika, na kwamba kuzidisha na kujumlisha kwa kawaida kutaachiwa karatasi ya pembeni. Bado naona ukurasa wa KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, umekuwa mfupi mno, ila unafanya kazi: daladala moja huondoka kila baada ya dakika 12 na nyingine kila baada ya dakika 18, zote zikianza saa 12:00 asubuhi, na zitaondoka pamoja tena saa 12:36. Anayezidisha 12 kwa 18 hupata 216, ambacho ni kigawe cha namba zote mbili lakini si kidogo kuliko vyote.

Februari. MAGAZIJUTO

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kifupisho kinakaa kichwani vizuri, na sina nia ya kukiondoa. Shida ni kwamba wanafunzi wanakisoma kama amri ya hatua tano zinazofuatana, kila moja ikisubiri iliyotangulia iishe kabisa, na usomaji huo una madhara upande mmoja tu wa kifupisho. Jambo hili lilituchukua muda mrefu kuliko ukurasa wowote, kwa hiyo naliandika kwa kirefu.

Tuanze na GAZI. Katika 24 ÷ 4 × 2, anayegawanya kwanza anapata 6, kisha 12, ambalo ni jibu sahihi. Katika 7 × 6 ÷ 4, anayefuata kifupisho neno kwa neno anagawanya 6 kwa 4, anapata 1.5, anazidisha kwa 7 na kufika 10.5. Anayekwenda kutoka kushoto kwenda kulia anapata 42, anagawanya kwa 4, naye anafika 10.5. Kutanguliza kugawanya hakuharibu jibu popote, kwa sababu kugawanya kwa 4 ni kuzidisha kwa robo, na mpangilio wa kuzidisha hauna madhara. Anayeumia ni yule atakayetanguliza kuzidisha, maana 24 ÷ 4 × 2 kwake inakuwa 24 ÷ 8, yaani 3.

Sasa JUTO. Swali ni 20 − 8 + 5. Mwanafunzi mtiifu anasema kujumlisha kunatangulia kutoa, anajumlisha 8 na 5 kupata 13, anatoa katika 20 na kuandika 7. Jibu sahihi ni 17. Muuza mayai aliyekuwa na mayai 20, akauza 8, kisha akaletewa 5, hawezi kubaki na 7. Upande huu kifupisho kimepanga kinyume cha usalama: anayetanguliza kutoa hapa angepata 12, kisha 17, bila tatizo.

Tulifikiria kuwaambia wanafunzi wageuze silabi mbili za mwisho, lakini shuleni kwao mwalimu wa darasa anafundisha JUTO, na mtoto hawezi kutumikia mabwana wawili katika kifupisho kimoja. Njia tuliyochagua inaacha kifupisho kilivyo. Alama ya kutoa ni mali ya namba inayoifuata, kwa hiyo katika 20 − 8 + 5 zipo namba tatu: 20 ya kujumlisha, 8 ya kutoa, na 5 ya kujumlisha. Kutanguliza kujumlisha maana yake ni kukusanya zile za kujumlisha, yaani 20 na 5, ambazo ni 25, ndipo kutoa 8. Inabaki 17. Ile 8 haikuwahi kuwa ya kujumlishwa na 5, kwa sababu alama inayoitangulia inakataza.

Ukurasa wenyewe una swali 60 − 4 × (9 − 6) + 18 ÷ 3. Mabano yanatoa 3. Kugawanya kunatoa 6 na kuzidisha kunatoa 12. Inabaki 60 − 12 + 6. Za kujumlisha ni 60 na 6, jumla 66. Ya kutoa ni 12. Jibu ni 54. Katika jaribio la kwanza la ukurasa huu bado walikuwepo waliopata 42, yaani 60 kutoa 18, lakini walipoulizwa alama ya 12 ni ipi waliona wenyewe. Tumeongeza hatua moja: kuzungushia kila namba duara pamoja na alama yake kabla ya kugusa kalamu ya kukokotoa.

Mwishoni mwa Februari. Sehemu

Hapa uhakiki ndio unaofundisha zaidi ya hatua. Swali: muuzaji ana robo tatu ya sado ya dagaa katika chombo kimoja na theluthi mbili ya sado katika kingine, ana sado ngapi kwa jumla? Jibu linaloandikwa na wengi ni 5/7, kwa kujumlisha kiasi na kiasi, asili na asili.

Kumwambia mtoto kwamba hairuhusiwi kunamfanya aache siku hiyo tu. Tulianza na swali tofauti: robo tatu ni zaidi ya nusu au pungufu yake? Na theluthi mbili? Zote mbili zinazidi nusu, basi jumla lazima izidi sado moja nzima, na 5/7 haifiki hata moja. Tena 5/7 ni ndogo kuliko 3/4 aliyoanza nayo, kana kwamba kuongeza dagaa kumepunguza dagaa. Baada ya hapo KDS ya 4 na 3 inaingia kwa kuitwa: 9/12 na 8/12 zinafanya 17/12, sehemu guni, ambayo ni sado 1 na 5/12. Kadirio linaandikwa kabla ya hesabu, kwa kalamu ya wino, ili lisifutwe.

Machi. Saa

Simu za wazazi zinaonyesha 14:20 na mdomo wa kila mtu mjini unasema saa nane na dakika ishirini. Mwanafunzi anaishi katika saa mbili kwa wakati mmoja na hana tatizo nazo mpaka aulizwe darasani. Vitabu hutoa jedwali la kukariri. Sisi tumelipunguza hadi kwenye sababu moja: saa zetu zinaanza kuhesabu jua linapochomoza, na zile za 24 zinaanza usiku wa manane, saa sita mapema.

Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, unaongeza 6. Saa 8:20 mchana ni 14:20. Kuanzia saa 1 usiku unaongeza 18, kwa kuwa mzunguko wa kwanza wa saa 12 umekwisha kupita. Saa 3:15 usiku ni 21:15. Kuanzia saa 6 usiku siku mpya ya saa za 24 imeshaanza, basi unatoa 6: saa 7 usiku ni 01:00, saa 11 alfajiri ni 05:00, na saa 12 asubuhi ni 06:00. Tuliwapa wanafunzi saa 6:30 usiku bila maelezo, na mabishano yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko somo lenyewe, kwa sababu walioongeza 18 walipata 24:30 na ikabidi wajieleze.

Swali la pili ni la muda. Meli inaondoka Mwanza saa 3:40 asubuhi na kufika Nansio saa 7:15 mchana. Anayetoa kama namba za desimali anapata 3.75, kisha anaandika saa 3 na dakika 75, na dakika 75 hazimshtui. Ukurasa unamtaka aandike, kabla ya kukopa, kwamba saa 1 ina dakika 60. Anakopa saa moja kutoka kwenye 7, dakika zinakuwa 75, anatoa 40, zinabaki 35. Saa 6 kutoa 3 ni 3. Safari ni saa 3 na dakika 35. Uhakiki hautumii kutoa hata kidogo: kutoka 3:40 hadi 4:00 ni dakika 20, kutoka 4:00 hadi 7:00 ni saa 3, na dakika 15 za mwisho zinakamilisha. Wavulana wawili walisema njia hii ya uhakiki ni rahisi kuliko njia yenyewe na wakauliza kwa nini isiwe ndiyo njia. Hatukuwa na sababu ya kukataa, na katika toleo la pili njia na uhakiki vimebadilishana nafasi.

Machi, masika yalipoanza. Mvua ya paa

Ukurasa huu uliandikwa siku ambayo wengi hawakuja kwa sababu ya mvua. Paa la nyumba linafunika mstatili wa mita 8 kwa mita 6, na mvua iliyonyesha ni milimita 25; ni lita ngapi zinaweza kukingwa? Eneo ni mita 48 za mraba. Milimita 25 ni mita 0.025. Ujazo ni mita za ujazo 1.2, yaani lita 1,200, sawa na ndoo 60 za lita 20.

Baada ya hatua hizo tunaonyesha njia ya mkato, maana imethibitishwa tayari: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili, basi 48 kwa 25 inatoa lita moja kwa moja. Kwa milimita 1,000 kwa mwaka, ambazo haziko mbali na wastani wa Mwanza, paa hilo linapokea lita 48,000, ingawa mtu hawezi kuzikinga zote, kwa sababu nyingine hurukia nje ya mfereji na nyingine huja tangi likiwa limejaa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliuliza kama paa lenye mteremko mkali halina eneo kubwa zaidi. Bati lina eneo kubwa zaidi, ndiyo, lakini mvua inayoanguka wima inahesabiwa kwa kivuli cha paa juu ya ardhi. Swali lake limeingizwa katika safu ya sababu.

Aprili. Ekari

Huku kwetu ekari hupimwa kwa hatua: 70 kwa 70. Kitabu kinasema ekari 1 ni takribani mita za mraba 4,047. Wanafunzi wanaotoka katika familia zenye mashamba wanajua la kwanza, wamekariri la pili, na hawajawahi kuambiwa kwamba yanazungumza juu ya kitu kimoja. Wengine wanaunganisha vibaya na kuandika kwamba ekari ni mita 70 kwa mita 70, yaani mita za mraba 4,900, ambazo zinazidi ekari halisi kwa asilimia 21.

Hatua inayokusudiwa ni ya mtu mzima, karibu yadi moja, na yadi ni mita 0.9144. Ekari kwa asili yake ni yadi za mraba 4,840. Sabini mara sabini ni 4,900. Tofauti ni yadi za mraba 60 tu, kidogo zaidi ya asilimia 1, kwa hiyo kanuni ya hatua 70 ni makadirio mazuri sana ikiwa hatua ni ya yadi. Wanafunzi walifurahi kuona kwamba kanuni ya shambani ina hesabu ndani yake.

Tulikwenda uwanjani na futikamba. Kila mwanafunzi alitembea hatua 10 na kupima, na hatua ya wengi ilikuwa karibu sentimita 60. Basi swali likajiandika: mtoto mwenye hatua ya sentimita 60 akitumwa kupima ekari kwa hatua 70 kwa 70, atapima eneo gani? Upande ni mita 42, eneo ni mita za mraba 1,764. Wengi walikuwa wamekisia kwamba atapata theluthi mbili ya ekari, kwa sababu hatua yake ni theluthi mbili ya sentimita 90. Lakini urefu umepungua hadi theluthi mbili na upana vilevile, na theluthi mbili ya theluthi mbili ni 4/9, chini ya nusu. Huu ndio ukurasa pekee ambao wazazi waliomba nakala, na mmoja wao alitaka kujua shamba alilokodi mwaka uliopita lilipimwa na nani.

Mei. Asilimia

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha mradi wote, kwa kuwa asilimia bila kutaja kitu kizima haina maana, na maswali mengi ya shule yanaficha kizima hicho ndani ya sentensi. Tuna kurasa tatu.

Ya kwanza ni fupi. Bei ya begi ni shilingi 50,000. Inapandishwa kwa asilimia 20, kisha inapunguzwa kwa asilimia 20. Wanafunzi husema imerudi palepale. Asilimia 20 ya 50,000 ni 10,000, bei inakuwa 60,000. Punguzo linatolewa katika 60,000, nalo ni 12,000. Bei ya mwisho ni 48,000. Katika safu ya sababu kila asilimia imeandikwa pamoja na kizima chake, na hakuna ruhusa ya kuandika "20%" peke yake.

Ya pili ni ya kodi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18. Risiti inaonyesha shilingi 118,000 pamoja na kodi. Kodi ni kiasi gani? Anayechukua asilimia 18 ya 118,000 anapata 21,240, na uhakiki unamkamata mara moja: 118,000 kutoa 21,240 ni 96,760, na asilimia 18 ya hiyo si 21,240. Kizima ni bei kabla ya kodi, na 118,000 ni asilimia 118 ya bei hiyo. Ukigawanya kwa 118 unapata asilimia moja, shilingi 1,000. Kodi ni 18,000.

Ya tatu ilibadilika baada ya mzazi mmoja anayeuza samaki Mwaloni, Kirumba, kuisoma alipokuja kumchukua mwanawe. Swali la awali lilikuwa la kawaida: mchuuzi ananunua kilo 12 za sato kwa shilingi 9,000 kila kilo, analipa 6,000 za usafiri na barafu, anauza kwa 10,500 kila kilo, tafuta faida kwa asilimia. Gharama ni 114,000, mauzo ni 126,000, faida ni 12,000, ambayo ni asilimia 10.5 ya gharama. Mama yule alisoma mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, kwenye hesabu zenu samaki haozi."

Tukaongeza sehemu ya pili. Kilo 1 ikiharibika, mauzo yanashuka hadi 115,500 na faida inabaki 1,500, asilimia 1.3. Zikiharibika kilo 2, mauzo ni 105,000 na kuna hasara ya 9,000. Kisha swali la kurudi nyuma: auze kilo ngapi ili asipate wala asipoteze? 114,000 gawanya kwa 10,500 ni karibu 10.86, yaani kilo 10 na gramu 860 hivi. Jambo walilolikataa wanafunzi mwanzoni ni kwamba kilo moja kati ya kumi na mbili, sehemu ndogo tu ya mzigo, inaweza kula karibu faida yote. Tuliwaachia walisumbukie mpaka waone kwamba kilo moja iliyooza inamnyima 10,500, na 10,500 ni kubwa ukiipima na 12,000 ya faida, ingawa ni ndogo ukiipima na 126,000 ya mauzo.

Juni. Mgao wa mtumbwi

Uwiano ulikwenda haraka kuliko nilivyodhani, kwa sababu wengi wana ndugu wavuvi. Mapato ya usiku mmoja ni shilingi 640,000. Petroli, barafu na gharama nyingine ni 160,000, na hizo hutolewa kwanza. Kilichobaki kinagawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wanne kwa uwiano wa 3 kwa 2. Kizima ni 480,000. Mafungu ni 5, kila fungu ni 96,000. Mwenye mtumbwi anapata 288,000, wavuvi kwa pamoja 192,000, na kila mvuvi 48,000. Uhakiki unajenga upya mapato yote: 288,000 jumlisha 48,000 mara nne, jumlisha 160,000, ni 640,000. Waliokosea walikosea katika jambo moja, kugawa kabla ya kutoa gharama, na wenzao wakawaambia kwamba mwenye mtumbwi wa namna hiyo angekosa wavuvi wa kesho. Kwa kweli angekosa petroli, kwa kuwa kwa hesabu yao hakuna aliyeilipia.

Julai. Daraja na ziwa

Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025 na lina urefu wa takribani kilomita 3. Gari likilivuka kwa dakika 4, mwendokasi wake ni upi kwa saa? Hapa ndipo ilipotoka ile 0.75 ya kwenye madaftari: 3 gawanya kwa 4, kisha "kilomita kwa saa" imebandikwa mwishoni. Ukurasa unaandika 0.75 vilevile, lakini kwa kipimo chake, kilomita kwa dakika, ndipo unazidisha kwa 60 kupata kilomita 45 kwa saa. Uhakiki: gari lenye mwendokasi wa kilomita 0.75 kwa saa lingetumia saa 4 kuvuka daraja, na mtu wa miguu anayekwenda kilomita 5 kwa saa angelipita, akamaliza kwa dakika 36.

Ziwa Viktoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 hivi. Swali ni ujazo wa maji. Anayezidisha namba bila kuangalia vipimo anapata kilomita za ujazo 2,752,000. Mita 40 ni kilomita 0.04, basi ujazo ni takribani kilomita za ujazo 2,752. Kuthibitisha kwamba jibu la kwanza haliwezekani, mwanafunzi anagawanya 2,752,000 kwa 68,800 na kupata kina cha kilomita 40, wakati sehemu yenye kina kirefu kuliko zote baharini, katika Pasifiki, ni kama kilomita 11, na ziwa letu mahali penye kina kirefu ni mita 80 na kidogo. Swali dogo la nyongeza kuhusu upande wa Kenya, asilimia 6 hivi ya eneo, linatoa kilomita za mraba 4,128.

Agosti. Hali ilivyo

Kurasa zilizokamilika zimetolewa fotokopi na kufungwa kwa pini, kila mada peke yake, kwa sababu kitabu kizima kingekuwa ghali na mwanafunzi anahitaji mada moja kwa wakati. Kurasa za takwimu zimeahirishwa. Grafu zetu za mkono hazisomeki zikipita kwenye mashine ya fotokopi.

Milinganyo imeanza. Ukurasa wa kwanza unauliza: baba ana miaka 38 na mwanawe 11, baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara mbili ya umri wa mwana? Mstari wa kwanza unalazimisha kuandika kwamba x ni idadi ya miaka, wala si umri wa mtu yeyote. Kisha 38 + x = 2(11 + x), kwa sababu miaka ikipita inapita kwa wote wawili; hatua hii imepewa mstari wake, kwani wengi huongeza x kwa baba na kumwacha mtoto na 11 zake. Kufungua mabano kunatoa 38 + x = 22 + 2x, na x ni 16. Wakati huo baba atakuwa na 54 na mwana 27. Kundi litaupata ukurasa huu Jumamosi ijayo, ukiwa na nafasi tupu katika safu ya sababu, ili waijaze wenyewe kabla hatujawapa yetu.